Nyumba ya Silver Spring Imenifundisha Haya

Najua wengi wenu hapa Washington na vitongoji vyake mnaongeza zamu hospitalini na kwenye teksi ili mpate funguo za nyumba yenu. Mtapata. Benki itawaeleza habari za mkopo, dalali atawaonyesha jiko. Haya yaliyobaki nimeyalipia mimi, na sioni sababu nanyi myalipie.

1. Maji ya chini yanatoka juu

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu nyumba ikivuja unatazama juu: bati limetoboka, unapanda, unaziba. Sikuwahi kuona mtu amechimba chumba chini ya ardhi akalaza wageni humo. Kwa hiyo besimenti yangu ilipoanza kunuka uvundo, na zulia likawa linatoa maji ukilikanyaga, niliamini kabisa kuwa ardhi ndiyo inayotapika. Fundi aliyekuja alikubaliana nami haraka mno: tuvunje sakafu, tuzungushe mifereji, tuweke pampu. Bei aliyotaja ingeninunulia gari.

Aliyeniokoa ni mzee jirani. Mvua ikinyesha, aliniambia, usikae ndani ukasikitika. Vaa koti utoke uitazame nyumba. Nikatoka. Gata lilikuwa limeshiba majani ya mwaloni, na juu yake umeota mche mzima wa mti, wenyewe umestawi. Maji yalifurika ukingoni yakamwagikia chini ya ukuta, palepale nyuma ya zulia langu. Na kile kitalu cha maua nilichojisifia kilikuwa kimeinamia nyumba, kana kwamba nimeyachimbia maji njia ya kuingilia.

Piga hesabu: paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 25, umepokea lita 2,500. Udongo wa sehemu nyingi za huku ni wa mfinyanzi, haunywi maji upesi, basi yanatafuta ufa. Nilisafisha gata, nikarefusha bomba la kushushia maji hadi karibu mita 2 kutoka ukutani, nikajaza udongo ili mteremko uelekee nje. Gharama yote haikufika michango ya harusi mbili, na zulia likakauka.

Sisemi pampu haina kazi. Tarehe 8 Julai 2019, Uwanja wa Ndege wa Reagan ulipata zaidi ya milimita 80 za mvua ndani ya saa moja, na maji yakapenya hata besimenti ya Ikulu ya Marekani. Siku kama ile unaitaka pampu, tena yenye betri, maana dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyohiyo inayokata umeme. Ila anzia paani.

2. Bomba hupasuka Januari, habari unazipata Aprili

Majira yote ya baridi niliacha mpira wa kumwagilia umefungwa kwenye bomba la nje. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na yakikosa pa kutanukia hupasua hata shaba. Lilipasukia ndani ya ukuta, mbele ya koki inayozuia maji, ndiyo maana halikuvuja mpaka siku niliyolifungua ninyweshe sukuma wiki. Mke wangu akapiga kelele kutoka ndani: “Baba Zuhura, ukuta unakojoa!”

Siku hizi mwishoni mwa Oktoba nauondoa mpira, nafunga koki ya ndani, kisha nafungua bomba la nje limwage yaliyobaki. Na kila mtu wa nyumba hii anajua koki kuu iko wapi, hata mama mkwe aliyekuja kutembea tu.

3. Chujio lina mshale

Chujio la mashine ya joto na baridi hubadilishwa kila baada ya mwezi hadi mitatu. Mimi nilibadilisha kwa uaminifu, kinyumenyume. Mshale unaelekea kwenye mashine. Ni hilo tu.

4. “Fundi wetu” naye aonyeshe leseni

Fundi mmoja wa kwetu tulijuana kwenye harusi na misiba, nikampa pesa yote siku ya kwanza, na risiti nikaona haya kuidai. Ngazi yake ilikaa uani kwangu muda mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Huku kwetu Maryland, fundi wa kukarabati nyumba anatakiwa awe na leseni ya Maryland Home Improvement Commission, na sheria haimruhusu kupokea malipo ya awali yanayozidi theluthi moja ya bei ya mkataba. Akikuharibia, tume hiyo ina mfuko wa fidia, lakini ni kwa kazi ya mwenye leseni tu. Virginia na D.C. zina taratibu zao. Ulizeni kabla hamjakabidhi hela. Kumuuliza ndugu leseni si kumtukana.

5. Bima hailipi kilichooza taratibu

Bima ya kawaida ya nyumba hulipa yaliyotokea ghafla. Unyevu uliotambaa miaka mitatu ni wako. Mafuriko yanayotoka nje nayo yana bima yake mbali, ile ya mpango wa serikali kuu ulioanza 1968, na kwa kawaida haianzi kazi mpaka zipite siku 30. Usikimbilie kuinunua kimbunga kikishafika Carolina.

Tunzeni na karatasi. Dada mmoja wa Hyattsville, nesi, alipouza nyumba yake mkaguzi wa mnunuzi aliona doa kwenye dari. Dada akaleta bahasha: picha za kabla na baada, risiti ya fundi, tarehe. Habari ya kupunguziwa bei ikaishia hapo. Kwangu lipo doa kama lile, juu ya ngazi. Nililiziba mwenyewe na halivuji tena, ila karatasi sina hata moja. Mkaguzi akija, itabidi anisadiki kwa sura.