Kipimo Chasema Tangi Limejaa, Mifereji Imekauka

Mhudumu wa pampu ya maji akiona kipimo kinaonyesha maji mengi kuliko yaliyomo tangini, asikimbilie kununua sensa mpya. Kwanza apime volti kwenye tangi, kisha mwisho wa waya kwenye pampu. Zikitofautiana, kasoro iko njiani. Mara nyingi waya mmoja hubebeshwa kazi mbili: kurudisha umeme wa sensa na kurudisha ishara. Waya wa ohmu 12 ukipitisha miliampia 25 huongeza volti 0.3. Kwa sensa ya volti 0 hadi 10 na tangi la lita 100,000, hizo ni lita 3,000 zisizokuwapo, yaani mitungi 150, na pampu imeshajizima! Ishara ipewe waya wake wa kurudi, usiounganishwa na ule wa umeme upande wa pampu. Tangi likiwa mbali, sensa ya miliampia 4 hadi 20 hufaa zaidi. Urefu wa waya haupunguzi mkondo.