Plastiki Nyeusi Iliyopauka: Si Kiu ya Mafuta

Gari likikaa Kindu, mkoani Maniema, miaka michache, bodi inaweza kubaki na rangi yake vizuri, lakini bampa, vifuniko vya vioo vya pembeni, matao ya plastiki juu ya magurudumu na ile plastiki iliyo chini ya wepa za kioo cha mbele vinageuka kijivu. Vinaota michirizi myeupe, na vumbi jekundu la barabara ya Kalima linajikita humo lisitoke. Wenye magari na pikipiki wa mitaa ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli wanauliza karibu maswali yaleyale. Fundi wetu wa usafi na rangi za magari anayajibu hapa.

Fundi, kwa nini bodi haizeeki haraka, lakini plastiki inapauka mapema hivi?

Bodi imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna tabaka la vanishi linaloikinga. Plastiki hizi hazikupakwa kitu. Weusi wake ulichanganywa ndani kiwandani. Nyingi ni polipropilini, imetiwa mpira wa aina ya EPDM ili isivunjike ovyo, unga wa talki ili iwe ngumu, na masizi ya kaboni ili iwe nyeusi.

Miale ya urujuanimno ya jua inakata minyororo ya plastiki pale juu. Uso unakauka na kupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na nyufa hizo zinatawanya mwanga. Chupa ya kijani ukiisaga inakuwa unga mweupe, ingawa kioo ni kilekile. Na plastiki yako imepatwa na jambo hilohilo. Weusi haujaondoka, umefunikwa na uso uliochakaa. Habari njema ni kwamba masizi yale yale yanazuia miale isizame ndani, kwa hiyo madhara ni ya juu juu na yanatengenezeka.

Sisi tuko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na miezi mingine haliendi mbali. Gari linalosubiri kivuko cha mto Lualaba adhuhuri linaoka.

Nitajuaje kama plastiki yangu bado inafaa kutengenezwa?

Ioshe kwanza, iache ikauke, kisha ipake maji kwa kidole. Ikirudi kuwa nyeusi mara moja, inafaa: maji yamejaza zile nyufa, na dawa nzuri itafanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. Mahali panapobaki peupe hata pakilowa, hapo kuna polishi iliyoganda au mkwaruzo mkubwa. Na ukipitisha kucha ukaona plastiki inameguka au ina nyufa za kuonekana, usitupe pesa kwenye dawa. Tafuta kipande kingine.

Sisi huku tunapaka mawese, wengine mazutu au oili ya injini. Inang'aa vizuri. Ubaya uko wapi?

Inang'aa siku ya kwanza, ndugu yangu. Watu wanadhani plastiki ina kiu ya mafuta, kwamba jua limeyanyonya na sisi tunayarudisha. Sivyo. Mafuta yoyote yakiingia kwenye nyufa yataifanya ionekane nyeusi, hata maji yanafanya hivyo. Swali ni yatakaa vipi na yatafanya nini yakiwa humo.

Mawese hayakauki yakawa ngozi ngumu. Yanabaki mabichi. Ukitoka Kindu mpaka ufike Kalima, vumbi lote limenasa hapo, na mvua ya kwanza inalichuruza kwenye milango. Baada ya wiki unabaki na utando mwekundu wenye harufu ya mafuta yaliyochacha, na kuutoa ni kazi kuliko kuondoa ule mpauko.

Mazutu, esansi na oili ya injini ni balaa zaidi, kwa sababu mpira wa EPDM hauvumilii mafuta ya petroli. Unayanyonya, unavimba na kulegea. Raba za milango na za vioo nyingi ni za EPDM hiyohiyo. Ukipaka bampa kwa mazutu ukagusa na raba, mwaka ujao utaniuliza kwa nini maji ya mvua yanaingia ndani ya gari. Mafuta ya breki usiyaguse kabisa: yakidondokea bodi yanaivua rangi.

Na kiwi ya viatu?

Ile ni nta na rangi. Inaziba nyufa kidogo, lakini inahama. Mtoto akiegemea mlango na sare ya shule, mama yake atakuja kukutafuta. Mvua mbili tatu, imekwisha.

Tupe njia sahihi, hatua kwa hatua.

Fanya kazi kivulini, plastiki ikiwa baridi. Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, ni miezi mizuri kwa sababu mvua ni chache, lakini anza asubuhi kabla vumbi halijatimka. Wakati wa mvua tafuta paa.

Kwanza, mwaga maji mengi uondoe mchanga. Ukisugua kabla ya hapo, mchanga unakuwa msasa.

Pili, osha kwa sabuni ya maji ya vyombo na brashi. Plastiki hizi zina vishimo vidogo kama mapambo, na vumbi jekundu limekaa humo. Kitambaa hakifiki. Tumia mswaki mkuukuu, zungusha, suuza, rudia mpaka povu litoke jeupe. Likitoka na wekundu, bado. Sabuni ya kipande si nzuri hapa, kwa kuwa mara nyingi inaacha utando mweupe.

Tatu, iache ikauke kabisa. Fungua milango, kung'uta maji yaliyojificha kwenye maungio. Maji yakitoka baadaye yanaharibu dawa.

Nne, futa kwa alkoli ya famasi na kitambaa safi. Hii inaondoa mabaki ya mafuta na silikoni ya zamani. Geuza kitambaa kila mara, maana ukirudisha upande mchafu unapaka tena ulichotoa.

Tano, zungushia bodi utepe wa karatasi wa wapaka rangi, vaa glavu, paka dawa kidogo kidogo kwa sifongo. Subiri dakika chache, futa iliyozidi. Plastiki ikinyonya yote, rudia mara ya pili.

Ukipima muda, utaona kuosha na kukausha kumechukua sehemu kubwa, na kupaka ni dakika chache. Wanaogeuza mpango huo ndio wanaorudi kulalamika kwamba dawa ni feki.

Madukani kuna chupa nyingi. Nichague ipi?

Ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni losheni za kung'arisha, nyingi zina silikoni. Zenye msingi wa maji hazinati sana. Zile za mafuta zinang'aa kupita kiasi na kuvuta vumbi. Zote ni za muda: wiki chache, au chini ya hapo mvua zikifuatana. Namna ya pili ni dawa zinazokauka na kugandamana na plastiki: rangi maalumu za plastiki na zile zinazoitwa seramiki. Hizo zinakaa miezi mingi, nyingine hata zaidi ya mwaka.

Usidanganywe na picha ya gari kwenye chupa. Tafuta maelekezo. Yakisema pulizia kisha futa uendelee na safari, hiyo ni losheni. Yakisema usiloweshe kwa saa kadhaa au siku nzima, hiyo inaganda, na hiyo ndiyo ya kununua. Bei yake ni kubwa, lakini inatumika kidogo sana. Wenye magari wawili watatu wanaweza kuchanga wakanunua chupa moja.

Nilipaka polishi ya bodi, ikaacha madoa meupe kwenye plastiki. Hayatoki.

Polishi imekauka ndani ya vile vishimo. Jaribu kwanza raba ya kufutia penseli iliyo safi. Ikishindikana, chukua karanga zilizosagwa, Maniema hazikosekani. Mafuta yake yanalainisha nta, na chembe zake zinasugua bila kukwaruza. Sugua kwa mswaki, kisha osha vizuri kwa sabuni, usiache hata kidogo. Usitie karanga zenye sukari.

Nimeona kijana akichoma bampa kwa moto, ikawa nyeusi palepale. Ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo maana inashawishi. Joto linayeyusha uso uliochakaa na nyufa zinajifunga. Lakini hakuna kinga yoyote iliyoongezwa, kwa hiyo jua litaipausha tena, na kila ukirudia unakula plastiki. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 160. Ukichelewa kidogo, bampa inapinda, vile vishimo vinafutika na kubaki mabaka. Mwenye mashine ya hewa moto na mkono mzoefu anaweza. Mwali wa moto karibu na nyaya na tangi la esansi, usithubutu.

Si bora kupiga rangi nyeusi ya kopo yakaisha?

Inawezekana, lakini polipropilini haipendi kushikwa na rangi. Rangi ya kawaida itabanduka kama ganda, hasa kwenye bampa inayopigwa mawe. Angalia nyuma ya kipande: kama kuna maandishi yenye PP, yaani polipropilini, lazima upulizie kwanza praima ya plastiki. Piga msasa laini, futa kwa alkoli, pulizia praima nyembamba, kisha rangi isiyong'aa mikono miwili mitatu myembamba, ukipumzika dakika kumi na zaidi kati ya mkono na mkono. Nashauri rangi kwa kipande chenye mikwaruzo mingi tu. RAV4 za miaka ya 1990 zina plastiki nyingi sana pembeni. Kuzipiga rangi zote ni gharama, na ikianza kubanduka huna njia ya kurudi nyuma.

Mimi naendesha pikipiki ya abiria. Ushauri ni huohuo?

Kuosha ni kulekule. Lakini vifuniko vya pembeni vya pikipiki mara nyingi ni plastiki ya ABS, si polipropilini. ABS inashika rangi vizuri, ila inaogopa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha: inaiyeyusha. Esansi nayo inaipasua polepole, kwa hiyo ikimwagika wakati wa kutia mafuta, futa mara moja. Na dawa ya kung'arisha usiipake kwenye kiti, pa kukanyaga wala kwenye mpini. Abiria akiteleza, mng'ao haukusaidii.

Nataka kununua gari lililotumika. Plastiki zake zinang'aa sana. Niridhike?

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Chukua kitambaa cheupe, kitie maji ya sabuni, sugua kwa nguvu sehemu ya chini ya wepa na ukingo wa bampa. Kitambaa kikitoka cheusi na plastiki ikabaki kijivu, limepambwa kwa ajili yako. Hilo peke yake si sababu ya kuliacha, ila ni sababu ya kushusha bei na kukagua kwa makini mengine yaliyopakwa.

Nikishamaliza, nifanye nini idumu?

Usiloweshe siku nzima ya kwanza. Baada ya hapo, osha vumbi kila wiki kwa sabuni laini. Kinga ni bora kuliko tiba: egesha chini ya paa au mwembe, na kama huna, geuza gari, wiki hii pua iangalie mashariki, wiki ijayo magharibi, upande mmoja usibebe jua peke yake. Maji yakiacha kuviringika juu ya plastiki na kuanza kutandaa, rudia dawa kabla weupe haujatokea. Ukiwahi hapo, kazi ya siku nzima inakuwa ya saa moja.