Fiqhi ya Kambi kwa Wanaowapeleka Wanafunzi Mlimani

 

Ndugu zangu, kila likizo inapokaribia baadhi yetu huombwa na shule za sekondari tusaidie kusimamia kambi za wanafunzi. Shule hutafuta kijana mwenye miguu ya kupanda na ulimi wa kuswalisha, na akishapatikana hakuna anayemuuliza swali jingine. Kwa sisi tunaosoma Mbale, kambi maana yake ni Mlima Elgon, ambao kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Wanafunzi wengi hawafiki huko. Hulala chini zaidi, upande wa Sipi na Kapkwai, lakini hata hapo ni zaidi ya mita 1,700, na mtoto aliyezoea joto la Kampala hukutana na baridi asiyoijua.

Katika kambi yangu ya kwanza, asubuhi ya pili, nilitoka hemani kabla ya alfajiri nikamkuta mwanafunzi wa kidato cha pili ukingoni mwa kijito. Alikuwa kifua wazi, ndoo iko mbele yake, meno yanagongana. Alikuwa ameamka na janaba. Aliona haya kumwambia mtu, na darasani alishafundishwa kuwa swala haisihi bila kukoga, basi akajimwagia maji yale ya mlimani ndoo nzima. Tulimfunga mablanketi mawili na kumpa chai, lakini ilipita karibu saa nzima kabla hajaweza kuzungumza vizuri. Mwalimu mmoja alimsifu mbele ya wenzake kwa nguvu ya imani yake. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya dini, na jibu sikuwa nalo.

Jibu lilikuwa kitabuni siku zote. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya watu waliokuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe na kujeruhiwa kichwani. Usiku akaota. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akakoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema kuwa wao ndio waliomuua, akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui. Tazama nani analaumiwa hapo. Lawama iliwaendea waliotoa fatwa bila elimu. Aliyekoga hakulaumiwa.

Kinyume chake ni kisa cha Amr bin al-As (r.a.) katika msafara wa Dhat as-Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Aliota usiku wa baridi kali, akaogopa kuwa akikoga ataangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake alfajiri. Walipomshtakia kwa Mtume (s.a.w.), alijitetea kwa aya inayokataza watu kujiua. Mtume alicheka, wala hakumkosoa.

Wanazuoni wetu wa Kishafii wamelipanga jambo hili kwa utaratibu. Kwanza, kama maji yanaweza kupashwa moto, yapashwe; mwenye kuni na sufuria hana udhuru. Yakikosekana maji ya moto na kukawa na hofu ya kweli ya madhara, hapo ndipo inapoingia tayamamu. Katika kauli inayotegemewa kwenye madhehebu, aliyetayamamu kwa sababu ya baridi ataikidhi swala yake baadaye. Wanazuoni wengine wanasema halipi, kwa kuwa Amr hakuamrishwa kulipa. Kauli yoyote utakayoishika, mtoto wako yu hai na swala haikumpita. Na kwa kuwa Mashafii wanataka udongo wenye vumbi, na Elgon mvua ikinyesha kila kitu ni tope, mimi siku hizi hubeba mfuko mdogo wa udongo mkavu kutoka nyumbani. Wenzangu hunicheka, na wacheke.

Tunapenda kuzichukulia hukumu hizi kama nyongeza za mwisho wa kitabu. Lakini aya ya tayamamu yenyewe iliteremshwa kambini. Mkufu wa Bibi Aisha (r.a.) ulipotea safarini, msafara ukasimama kuutafuta, watu wakapambazukiwa mahali pasipo maji, na Abu Bakr (r.a.) akamkaripia binti yake kwa kuwachelewesha. Aya ikashuka. Ngamia alipoinuliwa, mkufu ulikuwa chini yake.

Sasa tuje kwa amiri. Mtume (s.a.w.) aliagiza kuwa wakisafiri watu watatu, wamweke mmoja wao kuwa kiongozi. Kambini kwetu kazi hii mara nyingi hupewa mwenye sauti kubwa, naye hutangulia mbele na bendera. Sunna inaonyesha mahali pengine: Jabir anasimulia kuwa Mtume akibaki nyuma ya msafara, akimsukuma mnyonge na kumpakia aliyechoka. Askari wa hifadhi ndiye anayeijua njia, basi yeye atangulie. Wewe kaa nyuma pamoja na yule anayefunga kamba za viatu kila dakika tano.

Mkipiga kambi, msitawanyike. Maswahaba walikuwa wakishuka hugawanyika mabondeni, Mtume akawaambia kuwa kutawanyika huko kunatoka kwa shetani. Tangu hapo walikaribiana hata ikasemwa kuwa nguo moja ingewafunika wote. Akakataza pia kulala njiani usiku, kwa sababu hapo hupita wanyama na wadudu. Kwa kipimo hichohicho, nani atalaza watoto chini ya mteremko mkali msimu wa masika, baada ya yale yaliyoipata Bududa Machi 2010, udongo ulipoporomoka kutoka mlima huuhuu na kufukia watu na nyumba zao?

Moto nao una hukumu yake. Nyumba iliungua Madina usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha mioto izimwe watu wanapolala. Kwenye baridi wanafunzi hutaka kuingiza sigiri ya makaa hemani. Usikubali hata kwa dakika kumi. Hewa ya makaa haina harufu ya kumwamsha mtu, na aliyelala nayo huenda asiamke.

Kuhusu kupunguza swala, msiwaige wenzenu. Masafa yanayoruhusu kwa Mashafii hukadiriwa kuwa kilomita 80 hivi. Shule inayotoka Kampala imepita zaidi ya mara mbili ya hapo, nayo itapunguza ikiwa haikunuia kukaa siku nne kamili bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka. Shule inayotoka Mbale kwenda Sipi haifikii masafa hayo, basi itaswali rakaa nne, hata kama mahema yamepigwa bega kwa bega.

Haja zisitolewe njiani, kivulini wala penye maji. Vijito vya Elgon vinateremka kwenda kwenye mitungi ya watu.

Kwa wasichana, awepo dada mtu mzima anayelala upande wao, na anayebaki hemani wakati wa swala asiulizwe kwa nini. Nimewahi kumsikia mvulana kiongozi akihesabu safu na kuita majina ya waliokosekana. Binti mmoja alilia hadi jioni.

Safari iliyofuata nilimwomba mpishi jambo moja. Saa kumi alfajiri, kijana wa zamu akiwa macho, aliwasha jiko na kubandika sufuria kubwa la maji. Tulilipeleka karibu na bafu la turubai, tukaweka kata na ndoo mbili, tukaondoka. Jioni yake tulikuwa tumetangaza tu kuwa maji ya moto yapo kwa anayetaka, na hatutauliza ya nini. Ilipoadhiniwa nilikwenda kuchota ya udhu, nikakuta limebaki robo.