Kabla ya Kununua Habu ya USB-C, Kagua Kipakatalishi Chako

Vipakatalishi vingi vipya vina tundu moja au mawili tu ya USB-C. Mwalimu anayetaka kuunganisha projekta, au kikundi cha vijana kinachowasilisha mradi wake, hulazimika kutumia habu: kifaa kidogo chenye matundu ya HDMI, USB ya kawaida na kadi ya kumbukumbu. Wanunuzi wengi hutazama bei na idadi ya matundu. Cha kwanza kukaguliwa ni kipakatalishi chenyewe.

Picha: Si kila tundu la USB-C hutoa picha. Tafuta katika maelezo ya kipakatalishi maneno DisplayPort Alt Mode, Thunderbolt au USB4. Yasipokuwepo, huenda HDMI ya habu ya kawaida isionyeshe chochote, hata ukiinunua kwa bei ghali.

Umeme: Ikiwa unachaji kupitia tundu hilo hilo, chagua habu yenye alama ya PD. Kumbuka kuwa habu nayo hutumia umeme. Chaja ya wati 65 inaweza kubakishia kipakatalishi takriban wati 50.

Kasi: USB 2.0 hupitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kipanya na kibodi. Kwa diski ya kuhifadhia kazi, tafuta gigabiti 5 au zaidi.

Nenda dukani na kipakatalishi pamoja na chaja yake. Omba habu ijaribiwe kwenye skrini huku ikichaji, kisha ulipe na udai risiti.