Kufundisha Maana Nyingi za "Take Off"

Katika mazoezi ya kufundisha, tulipata kumwona mwanachuo mmoja akiandika ubaoni: take off = vua. Somo lilikwenda vizuri, nasi wakufunzi tukalisifu. Wiki iliyofuata darasa lilisoma habari yenye sentensi hii: The aeroplane took off at six. Mtoto mmoja akasimama, akaeleza: "Ndege ilivua saa kumi na mbili." Wenzake wakacheka. Saa aliigeuza barabara; kilichomponza ni kile alichofundishwa ubaoni. Kipindi kile hakunyosha mkono tena.

Kosa hilo hutokana na kulipa neno tafsiri moja, kana kwamba maana imo ndani ya neno peke yake. Lugha yetu yenyewe yatukanya. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga magoti na tunapiga kura, wala hakuna anayeumia. Mtoto hakujifunza maana hizo kwa orodha. Alisikia kila moja ikitumika mahali pake.

Ndivyo ilivyo kwa take off. Tutazame mifano minne:

1. Take off your shoes. Vua viatu vyako.
2. The aeroplane took off. Ndege iliruka.
3. She took Monday off. Alichukua mapumziko siku ya Jumatatu.
4. He took fifty shillings off the price. Alipunguza bei kwa shilingi 50.

Ndugu wanachuo, tunapendekeza utaratibu ufuatao. Kwanza, fundisheni maana moja tu kwa somo, mkianza na ile inayoonekana: mwalimu avue kofia mbele ya darasa huku akisema sentensi nzima. Pili, onyesheni mpangilio wa maneno. Twaweza kusema Take off your shoes au Take your shoes off; lakini kiwakilishi hukaa katikati: Take them off. Tatu, baada ya siku kadhaa, leteni maana ya ndege kwa picha. Waulizeni watoto: je, kuna kitu kinachovuliwa? Hakuna, sentensi hiyo haina mtendwa, na hiyo ndiyo alama ya kuitambua. Mwisho, changanyeni sentensi za maana hizo mbili, watoto wazipambanue wenyewe. Maana ya tatu na ya nne zingoje madarasa ya juu.

Basi, andalio la somo lisibebe neno pekee, bali sentensi. Na mtoto akikosea, tujiulize kwanza: tulimwandikia nini ubaoni?