SOMO LA WAFANYAKAZI: KANUNI ZA MAKAMPUNI YA KIMATAIFA NA NAMNA YA KUZITUMIA



Katika mikutano yetu ya Nakivale na Mbarara swali moja linarudi kila mara. "Sisi ni watu wa lejaleja. Dalali anatuchukua alfajiri kwa lori, anatupeleka shambani au kiwandani, jioni anatulipa mkononi. Mwenzetu akiumia, mwenye kiwanda anasema hatujui, tumuulize dalali. Dalali naye amezima simu. Je, tumdai nani?" Somo la leo linajibu swali hilo. Lisomeni kwa sauti katika vikundi, polepole, na anayejua kusoma amsaidie asiyejua.

1. KAMPUNI YA KIMATAIFA NI NINI?

Ni kampuni ambayo mikono yake iko hapa, lakini kichwa chake kiko nchi nyingine. Tuchukue mfano ulio karibu. Nile Breweries ina kiwanda cha bia hapa Mbarara tangu mwaka 2013. Mwenye Nile Breweries ni AB InBev, na makao makuu ya AB InBev yako mji wa Leuven, Ubelgiji. Hatutoi mfano huu kwa kumshtaki mtu. Tunataka msomaji ajifunze kufuata kamba kutoka kwenye kreti mpaka kwa mwenye mali. Mkulima wa mtama, dereva, mpakiaji, mlinzi na fundi wa mashine, wote wameishika kamba hiyo moja.

Ugumu wetu ni huu: amri inatoka kichwani, maumivu yanabaki mikononi. Mfanyakazi anabishana na msimamizi ambaye hana uwezo wa kuamua lolote. Kwa hiyo ni lazima tujue njia ya kufika kichwani.

2. KANUNI HIZI ZILITOKA WAPI?

Hazikutolewa kwa hisani. Mwaka 1970 kampuni ya simu ya Marekani iitwayo ITT ilijiingiza katika njama za kumzuia Salvador Allende asiwe Rais wa Chile. Habari zilipotoka hadharani, watu wa nchi nyingi waliona kwamba kampuni inaweza kuwa na nguvu kushinda serikali. Vyama vya wafanyakazi na nchi changa vikapiga kelele.

Mwaka 1976 nchi tajiri zilizo katika Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, yaani OECD, zikatoa Mwongozo kwa makampuni yao. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani, ILO, likatoa Tamko lake, lililokubaliwa na serikali, waajiri na wafanyakazi pamoja. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ukaongeza Kanuni za Biashara na Haki za Binadamu. Mwongozo wa OECD ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2011, na tena mwaka 2023.

3. ZINASEMA NINI?

Kwa upande wa mfanyakazi, mambo makubwa ni haya:

(a) Kampuni iheshimu haki ya wafanyakazi kuunda chama na kujadiliana mishahara kwa pamoja.
(b) Isitumie watoto, wala kazi ya kulazimishwa.
(c) Isibague watu kwa rangi, jinsia, dini, wala mahali walipotoka.
(d) Itunze afya na usalama kazini.
(e) Isiwatishe wafanyakazi kwamba itahamisha kiwanda nchi nyingine ili waache kudai haki zao.
(f) Ikitaka kupunguza watu wengi, itoe taarifa mapema na izungumze na wawakilishi wao.
(g) Isimlipizie kisasi anayetoa malalamiko.

Sasa tunafika kwenye swali la dalali. Kanuni hizi zinasema kwamba kampuni haiwezi kutazama mlango wake tu. Ni wajibu wake kuchunguza madhara yanayofungamana na kazi yake kwa wale inaofanya nao biashara: madalali, makontrakta na wauzaji wa malighafi. Ikiona madhara, itumie nguvu yake kuyazuia. Kwa hiyo neno "hatujui" si jibu. Kutojua kwenyewe ni kosa la kutochunguza.

4. KWANZA SHERIA YA UGANDA

Ndugu, tusirukie Ulaya kabla ya kupita wilayani. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi kabla ya kupita wiki 12. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo si kibarua tena, anastahili mkataba wa maandishi. Malalamiko yanapelekwa kwa ofisa wa kazi wa wilaya.

Na wakimbizi je? Nakivale imepokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, na leo kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Wengi wanadhani mkimbizi hana haki ya kudai. Si kweli. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi, na pia haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Anayewaambia kwamba mkimbizi akijiunga na chama atafukuzwa nchini anawatisha tu. Na mwenyeji asimwone mkimbizi kama adui anayeshusha mshahara. Anayeshusha mshahara ni yule anayewagombanisha wawili hao ili alipe kidogo.

5. MIFANO MIWILI

Bukavu. Kati ya mwaka 1999 na 2003, wakati wa vita vya Kongo, kiwanda cha bia cha Bralima mjini Bukavu kiliachisha kazi watu wengi. Wakati huo Bralima ilikuwa tawi la Heineken ya Uholanzi. Wafanyakazi walilalamika kwamba waliachishwa kinyume cha sheria. Desemba 2015 watu watatu, wakiwakilisha kundi la wenzao 168, walipeleka malalamiko katika ofisi ya serikali ya Uholanzi inayosimamia Mwongozo wa OECD. Pande mbili zilikutanishwa, kikao kimojawapo kikifanyika Kampala. Agosti 2017 walipatana. Masharti yenyewe hayakutangazwa hadharani. Tuhesabu: toka 2003 hadi 2017 ni miaka 14. Watu wale walikaa pamoja miaka 14, wala hawakutupa madai yao.

Mubende. Agosti 2001 wanajeshi waliwafukuza watu wa vijiji vinne ili nafasi iwe shamba la kahawa la Kaweri, mali ya Neumann Kaffee Gruppe ya Hamburg, Ujerumani. Kampuni ilisema ilipata ardhi kwa halali kutoka serikalini. Mwaka 2002 waliofukuzwa walifungua kesi Uganda, ikadumu miaka mingi. Mwaka 2009, wakisaidiwa na shirika la FIAN, walilalamika katika ofisi ya Ujerumani. Mwaka 2011 ofisi hiyo ilifunga faili, nao hawakurudishiwa ardhi.

Tunafundishwa nini? Kwamba Mwongozo huu si mahakama. Hauna polisi, hauna jela, wala hauwezi kumlazimisha mtu kukaa mezani. Ofisi inapokea malalamiko, inayapima, inaita pande mbili zipatane, mwisho inatoa tamko mbele ya dunia. Nguvu yake ni aibu na shinikizo. Shinikizo halijitokezi lenyewe, linaletwa na watu walioungana huku na kule.

Tena kuna mpaka mwingine. Mlango huu uko kwa makampuni ya nchi zilizotia sahihi, ambazo ni zaidi ya 50. Uganda haimo. Afrika Kusini, India na China hazimo pia. Kama kichwa cha kampuni kiko huko, tutumie Tamko la ILO, sheria ya nchi, na vyama wenzetu wa nchi hiyo.

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, tuandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila kundi la lejaleja liwe na daftari moja: tarehe, jina la dalali, namba ya lori, shamba au kiwanda, kazi iliyofanywa, fedha iliyolipwa, na aliyeumia. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie siku hiyo hiyo.

Pili, tufuate kamba. Tazameni maandishi kwenye magunia, makreti, mageti na sare. Leteni majina hayo tawini, tutafuta nani mwenye mali na yuko nchi gani.

Tatu, tupite ngazi zote: msimamizi, ofisa wa kazi, chama cha taifa. Ngazi zikishindikana, vyama vya kimataifa vinaweza kutusaidia kuandika malalamiko ya OECD. Mtu mmoja asiandike peke yake, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, tusidanganye. Neno moja la uongo katika malalamiko linaharibu maneno mia ya kweli.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kazi unayofanya sasa, nani anakulipa, na nani anamlipa yeye?
2. Nani kati yenu amefanya kazi mahali pamoja zaidi ya miezi 4 bila mkataba? Andikeni majina.
3. Kwa nini watu wa Bukavu walipatana na kampuni na watu wa Mubende hawakurudishiwa ardhi? Jadilini bila haraka.
4. Nani atashika daftari la kundi lenu kuanzia wiki hii?

Majibu ya swali la nne yaletwe katika mkutano ujao. Tukutane na madaftari.