KENGELE YA MOTO

Katika shule ya bweni kengele ndiyo bwana wa siku nzima. Huwaamsha wanafunzi alfajiri, huwaita darasani, huwaita mezani, na usiku huwaamuru kuzima taa. Mwanafunzi mgeni huishtukia kila iliapo. Lakini ukipita mwezi mmoja, huisikia nusu nusu tu, kama mtu akaaye ufukoni asivyosikia tena mawimbi. Kwa kengele ya darasa hasara yake si kubwa: atachelewa, ataadhibiwa, yamekwisha. Lakini iko kengele moja ambayo mtu akiizoea hivyo aweza kupoteza maisha yake, nayo ni kengele ya moto.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la New Jersey, mji wa South Orange, kiko chuo kikuu kiitwacho Seton Hall, kilichoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1856. Katika kiwanja cha chuo hicho palikuwa na nyumba kubwa ya kulala wanafunzi, jina lake Boland Hall, yenye ghorofa sita. Mwaka 2000 walikaa humo wanafunzi wapatao 600. Wengi wao walikuwa wa mwaka wa kwanza, vijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa, ambao hawakuwa na muda mrefu tangu kuagana na wazazi wao.

Nyumba hiyo haikukosa kengele. Zilikuwamo, tena zilikuwa nzima. Ubaya ni kwamba zilikuwa zimelia mara nyingi mno pasipo moto. Tangu masomo yalipoanza Septemba 1999 zilikuwa zimelia bure mara 18. Kengele za namna hii hulia bure kwa sababu nyingi: mmoja huivuta kwa mzaha, mwingine huunguza mkate wake, mwingine huvuta tumbako pasipo ruhusa. Hapo watu wote hutoka, hutetemeka kwa baridi, hungoja, kisha huambiwa warudi kulala. Mara ya kwanza hucheka. Mara ya tano hunung'unika. Mara ya kumi baadhi yao hawatoki tena.

Hata tarehe 19 Januari 2000, yapata saa kumi na nusu ya alfajiri, kengele ikalia. Wanafunzi wengi wakadhani ni mzaha ule ule, wakakawia vitandani. Kumbe mara hii palikuwa na moto kweli. Katika sebule ya ghorofa ya tatu makochi yalikuwa yakiwaka, na moshi mweusi ulikuwa umekwisha kuingia ushorobani. Waliofungua milango yao hawakuona hata mikono yao wenyewe. Wengine walitambaa sakafuni wakipapasa ukuta mpaka kufika ngazini. Wengine walizuiwa na moshi wakakimbilia madirishani. Vijana watatu walikufa, na watu zaidi ya 50 wakaumia.

Moto huo uliwashwa na nani? Na wanafunzi wawili wa chuo hicho hicho, kwa mzaha. Hawakukusudia kumwua mtu. Lakini moto hauulizi nia ya aliyeuwasha. Mwaka 2006 walikiri kosa lao mahakamani, na Januari 2007 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano.

Watu wa zimamoto walipofika hawakupata kazi ndefu, maana moto wenyewe haukuenea nyumba nzima. Kilichoenea ni moshi, na jambo hili lataka kufahamiwa vizuri, kwa kuwa watu wengi huogopa ndimi za moto na kuudharau moshi. Katika moto wa nyumbani moshi huua watu wengi kuliko ndimi zenyewe. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema. Mtu aliyelala haamshwi nayo. Huzidi kulala tu, mpaka asiamke. Magodoro ya sponji yatumikayo sasa katika mabweni mengi hutoa moshi mbaya zaidi ya ule wa majani makavu yaliyojazwa katika magodoro ya zamani.

Hata hivyo moshi una desturi yake, na aijuaye aweza kuokoka. Kwa kuwa ni wa moto, hupanda juu, hujaa darini kwanza, ndipo hushuka kidogo kidogo. Hewa njema hubaki chini, karibu na sakafu. Kwa hiyo mtu aliye ndani ya moshi hasimami akakimbia. Huinama, au hutambaa kwa mikono na magoti. Afikapo penye mlango uliofungwa, huugusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, haufungui, maana moto uko nyuma yake. Hutafuta njia nyingine. Ukiwa baridi, huufungua taratibu, hutoka, kisha huufunga nyuma yake. Hili la kufunga wengi hulisahau. Moto wataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto, na hewa. Mlango ulioachwa wazi ni kama mvukuto wa mhunzi, na mlango uliofungwa huunyima moto pumzi na kuwapa walio mbali dakika chache za kutoka.

Boland Hall ilijengwa mwaka 1952, na darini mwake hamkuwa na mabomba ya kunyunyiza maji yenyewe, wala sheria ya wakati ule haikuyadai kwa nyumba ya zamani kama hiyo. Mabomba haya ni kitu cha akili sana. Hupitishwa darini yakiwa yamejaa maji, na kila penye tundu pana kichupa kidogo cha kioo chenye majimaji ndani. Joto likifika kipimo chake, ambacho mara nyingi ni digrii 68, majimaji hufura, kichupa hupasuka, na maji humwagika papo hapo juu ya moto. Tena tundu lililo juu ya moto ndilo lifungukalo, si yote ya nyumba nzima. Kabla ya mwaka ule kwisha, serikali ya New Jersey ilikuwa imetunga sheria kwamba mabweni yote ya wanafunzi katika jimbo hilo yatiwe mabomba hayo. Ilikuwa sheria njema, ila wale watatu walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya vyuo vya matajiri, na kwamba shule yenye bati juu na tangi moja la maji ya mvua haiwezi kununua mabomba ya darini. Ni kweli. Lakini katika shule za Afrika ya Mashariki kilichoua watoto wengi si kukosa vitu vya gharama. Ni kufuli, ambayo bei yake ni ndogo.

Machi 1998, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, bweni liliungua usiku, mlango umefungwa na madirisha yana nondo. Wasichana zaidi ya 20 walikufa. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, lilitiwa moto kwa makusudi kwa petroli. Lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yake nayo yalikuwa na nondo. Wavulana 67 walikufa. Na Septemba 2024 moto ulizuka katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, ukaua wavulana 21. Hao walikuwa watoto wa shule ya msingi.

Waliofunga milango hiyo hawakuwa na nia mbaya. Mlango hufungwa ili wanafunzi wasitoroke usiku. Nondo hutiwa dirishani ili mwizi asiingie. Lakini mwizi akiingia huchukua blanketi na viatu, na mtoro akirudi asubuhi huadhibiwa. Mkuu wa shule aliyepima hofu hizi mbili, ya mwizi na ya moto, akaiona ya mwizi kuwa kubwa zaidi, amekosea hesabu. Mlinzi mmoja aliye macho nje ya bweni ni bora kuliko kufuli kumi.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa kitabu cha kanuni za usalama wa shule. Bweni liwe na mlango kila upande, na mlango mwingine wa hatari katikati. Milango iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Kwa nini mlango ufunguke kwa nje? Kwa sababu watu mia wakiukimbilia kwa hofu, wa nyuma huwasukuma wa mbele, na mlango ufungukao kwa ndani hauwezi tena kuvutwa. Wa mbele hubanwa juu yake. Kanuni hizo zimeandikwa vizuri. Lakini karatasi haijapata kufungua mlango.

Kazi ya kuzuia moto, basi, huanza zamani kabla ya kengele, na sehemu yake kubwa iko mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Mshumaa uliowekwa karibu na chandarua ili mtu asome baada ya taa kuzimwa umewahi kuteketeza zaidi ya kitabu. Taa ya mafuta haijazwi ikiwa inawaka. Waya mmoja wa umeme hautwikwi pasi, birika na simu tano kwa pamoja, kwa maana hupata joto kama vile punda aliyezidishiwa mzigo hutoka jasho. Na simu inayotiwa umeme haiwekwi chini ya mto. Jikoni, mafuta ya kukaangia yakishika moto hayamwagiwi maji, maana maji huyarusha juu pamoja na moto wake. Sufuria hufunikwa kwa kifuniko na moto wa chini huzimwa. Moto wa umeme nao haumwagiwi maji kabla ya umeme kukatwa. Na mtu ambaye nguo zake zimeshika moto hakimbii, kwani mbio humpepea. Hulala chini na kujiviringisha mpaka uzimike.

Kisha liko zoezi. Shule yenye akili huwafundisha wanafunzi kutoka bwenini kama inavyowafundisha gwaride, mchana na hata usiku gizani, mpaka kila mmoja ajue idadi ya hatua toka kitanda chake mpaka mlango wa karibu, na toka hapo mpaka wa pili ikiwa wa kwanza umezibwa. Kengele ya moto iwe na mlio wake peke yake, usiofanana na wa chakula. Nayo ilie kwa nadra na kwa kweli. Avutaye kengele hiyo kwa mzaha ni mwizi. Humwibia kila alalaye humo ile hofu ndogo impasayo kumtoa kitandani. Tena aisikiaye hatakiwi kuchungulia kwanza kama ni kweli. Hutoka. Sanduku huachwa, viatu huachwa, hata ada ya shule iliyofichwa chini ya godoro huachwa.

Nje huwapo mahali pamoja pa kukusanyika, mbali na nyumba, napo mwalimu wa zamu husimama na orodha mkononi, akiita majina. Orodha ikiwa na majina 80 na walioitika ni 79, hapana cha kubahatisha: jina la asiyeitika na mahali pa kitanda chake huambiwa watu wa zimamoto. Ndiyo sababu mvulana aliyetoka salama kwa mlango wa nyuma, akaenda kuketi chini ya mwembe bila kuhesabiwa, hajamaliza kutoka bwenini. Mtu mzima, pengine baba wa watoto, aweza kuingia ndani ya moshi kwa ajili yake, akipapasa kitanda kitupu.